Sameja wa Colito na Wenzake Wawili

Siku ya tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito, karibu na mto Bilate kusini mwa nchi ya Uhabeshi, askari wa batalioni ya Sita ya King's African Rifles, jeshi ambalo watu wetu waliliita Keya, walikuwa wamekwisha kuvuka mto na kushika ng'ambo yake, mara vifaru vya Waitaliano vikawatokea kwa nyuma na kuanza kuwamiminia risasi. Sajini mmoja, Mzungu wa Kenya aitwaye Nigel Gray Leakey, ambaye mizinga yake midogo ilikuwa imekwishiwa na makombora, alirukia juu ya kifaru kimoja, akaufungua mfuniko wake kwa nguvu, akampiga kwa bastola mkuu wake na waliokuwa naye ndani, akamwacha hai dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe kifaru hadi mahali pa kujificha. Alipoona kwamba mzinga wa kifaru kile haumtii, alishuka akaviendea vifaru vingine kwa miguu. Akakiparamia kimoja, na juu yake akapigwa risasi akafa. Mwili wake haukuonekana tena. Mwaka 1945 ikatangazwa London kwamba amepewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo juu ya nishani zote za vita za Uingereza.

Sina nia ya kupunguza hata chembe moja ya heshima ya mtu huyu, kwa kuwa aliyoyatenda yalishuhudiwa, na maisha yake aliyatoa kwa ajili ya wenziwe waliokuwa wakishambuliwa kwa mgongoni. Ninalomwomba msomaji ni kulisoma tangazo lenyewe la nishani ile hadi mwisho, maana humo humo, katika maneno yaliyoandikwa na wakubwa wa jeshi na kupigwa chapa na serikali, imesemwa waziwazi kwamba Sajini Leakey hakuvinyemelea vifaru vile peke yake: alikuwa pamoja na sameja mmoja wa Kiafrika na askari wengine wawili. Watu wanne walitoka kwa miguu kwenda kukabili chuma. Mmoja wao ana jina, ana nishani, na ana mahali pake katika vitabu vya historia. Watatu waliosalia wametajwa kwa vyeo tu. Sameja huyo alikuwa nani? Alikuwa mtu wa ukoo upi, wa kijiji gani, na je, alirudi kwao au alilala Colito? Tangazo halisemi, na aliyeliandika yamkini hakuona kuwa ameacha kitu.

Batalioni ya Sita ndiyo iliyokuwa batalioni ya Tanganyika. Vita vya siku ile vilipata heshima kubwa katika kumbukumbu zake hata kambi yake ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, na jina hilo likadumu hadi baada ya uhuru. Ni katika kambi hiyo maasi ya wanajeshi yalipoanza mwezi wa Januari 1964. Leo tunaijua kwa jina la Lugalo, mahali Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani mwaka 1891, nalo ni jina jema lililostahili kuwekwa. Walakini fikiri: kwa miaka mingi wakazi wa Dar es Salaam walilitamka jina la kijiji cha mbali cha Uhabeshi kana kwamba ni mtaa wao, ilhali majina ya watu watatu wa batalioni ya nchi hii, ambao kwa miguu yao waliviendea vifaru mahali pale, hayakutamkwa na mtu yeyote.

Kusahihisha sajili ya askari na nishani zake ni jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa shughuli ya makarani, shughuli ya tarehe na namba na mihuri, isiyomhusu mtu ambaye hana urithi wa kudai. Rai yangu ni kwamba jambo hili ni deni la haki, na dhima ya kulilipa humwangukia yule aliyeandika vibaya au aliyepoteza alichoandika, wala haimwangukii aliyeandikwa, sembuse mjane wake na wajukuu wake. Desturi ya ofisi nyingi imelipindua jambo hili: mwenye daftari amekaa kitini akingoja kuletewa ushahidi na mtu ambaye hakuwahi kuonyeshwa daftari.

Ili kuelewa jinsi jina la mtu linavyopotea jeshini, yafaa kwanza kutazama jinsi majina yetu yalivyo. Mtu wa pwani au wa bara aghalabu hakuwa na jina moja. Lilikuwapo la utoto alilopewa na bibi yake, likawapo la jandoni, likawapo la dini aliposilimu au kubatizwa, na likawapo la utani ambalo rafiki zake walilijua kuliko yote. Na baada ya jina lake likafuata la baba yake, na baada ya la baba la babu, bila jina moja la ukoo la kushuka kizazi hata kizazi kama walivyozoea Wazungu. Aliyeketi mezani kuandikisha, mwenye safu ndefu ya vijana mbele yake na lugha tatu zisizokuwa zake masikioni mwake, aliandika alichosikia: L ikawa R, jina la baba likasimama mahali pa la mtoto, jina la jumbe likaingia mahali pa kijiji, na umri ukakisiwa kwa kumtazama mtu usoni. Kabila nalo halikusalimika, maana wakubwa wa Keya walikuwa na dhana zao juu ya makabila yafaayo kupigana na yasiyofaa, na kijana aliyezijua dhana hizo na aliyeitaka kazi alijitaja kuwa wa kabila linalotakiwa. Baadaye huhamishwa kombania, huugua akalazwa, hupelekwa mafunzoni, na kila mahali karani mwingine huandika upya kwa sikio lake mwenyewe; hata mtu mmoja aweza kuwa watu watatu katika madaftari, na kila mmoja wa hao watatu amefanya thuluthi ya kazi.

Nilipokuwa kijana nilimwandikia barua mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekwenda vitani Bama, yaani Burma. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, bonde la malaria na matope, ambamo magari yalikwama na watu wakabeba wenyewe, na ambayo mwezi wa Desemba mwaka ule iliuvuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Kila alipotaka kuandikiwa barua alikuja na kopo la bati la biskuti, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili kama mtu anayeweka chombo chenye maji, akatoa cheti chake cha kuachishwa jeshi kilichokwisha kukatika mahali pa kukunjwa, akanionyesha kwa kidole. Jina lililoandikwa lilikuwa la baba yake. Mwaka wa kuingia jeshini uliandikwa baada ya ule aliouapia yeye. Na mahali palipopaswa kuandikwa nishani palikuwa patupu, ijapokuwa nishani yenyewe, ile nyota ya Burma, ilikuwamo ndani ya kopo, imefungwa kitambaa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Nikamwambia, kwa ujinga wangu, "Babu, si tuwaonyeshe nishani yako? Jina lako litakuwa ubavuni." Akaifungua akanipa niigeuze. Hapakuwa na jina. Medali za Uingereza za Vita Vikuu vya Kwanza zilichongwa jina na namba ya mwenyewe pembeni, lakini za Vita vya Pili serikali ya Uingereza ilizitoa tupu, ili kuokoa gharama na wakati. Basi mtu akiwa na nyota mkononi bila karatasi inayoitaja, nyota haimtolei ushahidi, na yeyote aweza kumwambia kwamba aliinunua sokoni. Ofisi tuliyoiandikia ilijibu mara moja tu, baada ya barua nne. Ilimtaka mzee alete watu wawili waliokuwa naye katika kombania ile, waje waape mbele ya hakimu. Nilipomsomea alikaa kimya muda, kisha akasema, "Mwanangu, wawili hao niwatoe wapi? Nikawafukue?" Alikufa miaka miwili baadaye. Cheti bado kina jina la baba yake.

Tukirudi nyuma hadi Vita Vikuu vya Kwanza, tunakuta kwamba upungufu ule wa vyeti ulikuwa mwanzo mdogo tu wa msiba mkubwa. Keya iliyoingia vitani mwaka 1914 ikiwa na batalioni 3 ilimaliza mwaka 1918 ikiwa na 22, na nyuma ya kila askari walitembea wapagazi, kwa kuwa ndorobo waliwaua wanyama wa kubeba na barabara hazikuwako. Waingereza waliwachukua wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wengi wao kwa nguvu. Waliokufa, zaidi kwa njaa, kuhara, baridi na uchovu kuliko kwa risasi, wanakadiriwa na wanahistoria wengi kuwa hawakupungua 95,000. Mpagazi wa Kenya alilipwa rupia 5 kwa mwezi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, na kila mtu anayekwenda sokoni Dar es Salaam hulitamka jina la jeshi la watu wasio na majina.

Nasema wasio na majina, na hapa ninataka msomaji asimame nami kidogo. Watu hawa waliwahi kuandikwa. Oscar Ferris Watkins, aliyekisimamia kikosi kile, alianzisha namba, vibati vya kuvaliwa na alama za vidole ili kila mpagazi ajulikane, mshahara wake uhifadhiwe, na akitoroka akamatwe. Na vita vilipokwisha, serikali ya Kenya ilitumia ujuzi wa namna hiyo hiyo kuwavisha wanaume wote wa Kiafrika kipande cha utambulisho shingoni. Dola hiyo ilijua kumhesabu mtu hata kidole chake alipotakiwa kufanya kazi. Alipokufa porini kati ya Rufiji na Ruvuma, mshahara wake usiochukuliwa ukawa maneno marefu baina ya wakubwa wa Nairobi na wa London, na jina lake likaachwa.

Kamisheni ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina lake bila kutofautisha cheo wala dini. Kwa Waafrika wa Afrika Mashariki wakubwa waliamua vingine: zikasimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ikahesabiwa kuwa hizo zatosha kwa wote. Ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imesimama palipokuwa pamesimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Nimepita mbele ya askari yule wa shaba mara zisizohesabika, na uso wake ni mzuri, lakini si uso wa mtu fulani. Tarehe 22 Aprili 2021 Kamisheni yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya kukiri: kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akasimama bungeni kwao akaomba radhi. Lilikuwa ungamo la kweli na ninaliheshimu. Ila radhi ya namna hii huombwa kwa kundi, na kosa lilitendwa kwa mtu mmoja mmoja.

Kuna kisa kimoja cha Mwanza ambacho kila afisa mwenye kushika faili za wazee wa vita angepaswa kukijua kwa moyo. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa malimbikizo ya mishahara wale askari wa zamani wa jeshi la Wajerumani, waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck hadi aliposalimu amri Abercorn mwezi wa Novemba 1918. Mwamerika Charles Miller, aliyeandika kitabu juu ya vita vile, anasimulia kwamba meza ya malipo iliwekwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakaja. Wachache mno walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi zilizoliwa na nondo. Wengine walikuja mikono mitupu. Mlipaji alishindwa afanye nini, kisha akapata wazo: kila mzee aliyejitokeza alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani kushika silaha, kuweka begani, kutoa heshima. Miaka 46 ilikuwa imepita. Hapakuwa na hata mmoja aliyekosea.

Sikisimulii kisa hiki kwa ajili ya kuburudisha, na kusema kweli kinanitia huzuni pia, kwa kuwa wazee wa miaka sabini waliamriwa kama makuruta kwa ajili ya haki yao. Ninakisimulia kwa sababu mlipaji yule, mtu wa benki, alitambua jambo ambalo mawizara mengi hayalitambui: kwamba karatasi ikikosekana, ukweli haujakosekana, na kwamba kazi ya mwenye ofisi ni kuutafuta ulipo. Kwetu jambo hili si geni. Hata kadhi, katika mambo ya nasaba na mauti, huikubali habari iliyoenea kwa watu wengi waaminifu, maana anajua kwamba hakuna anayetembea na mashahidi wa kuzaliwa kwake mfukoni. Kama nasaba, ambayo kwayo mirathi hugawanywa na ndoa huhalalishwa, huthibitika hivyo, kwa nini safari ya mtu kwenda Bama isithibitike?

Wako waliolifanya jambo hili la kuutafuta ukweli kwa taratibu za sheria. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jumba la hifadhi la St. Louis, Marekani, ukateketeza faili za wanajeshi zipatazo milioni 16 hadi 18. Serikali ya nchi ile haikuwaambia wazee wake kwamba faili zimeungua na habari imekwisha. Iliwaweka watu wa kuzijenga upya kazi za kila mmoja kutokana na hati za mishahara, orodha za hospitali na karatasi nyinginezo zilizokuwa mahali pengine, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Tangu sheria ya mwaka 1946 kila jeshi la Marekani limekuwa na baraza la raia la kusahihisha sajili, lenye mamlaka ya kufuta kosa au kuondoa dhuluma. Muhula wa kuomba ni miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, lakini baraza laweza kuusamehe muhula huo insafu ikitaka. Haki huko pia ilichelewa mno. Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja walivaa sare katika Vita vya Pili, na hakuna hata mmoja aliyepewa Medal of Honor, nishani yao kuu ya ushujaa, mpaka jeshi lilipowaagiza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shaw kuchunguza upya. Tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton akawatunuku watu saba, sita wakiwa wamekwisha kufa, na mmoja tu, Vernon Baker, akiwa hai wa kuipokea kwa mkono wake.

Uingereza kwa kawaida haitoi nishani kwa jambo lililopita zaidi ya miaka mitano, na maofisa wake huitaja kanuni hiyo kila wanapoombwa. Nakiri kwamba kanuni ina busara yake, kwa kuwa mashahidi hufa na sifa huvimba kadiri miaka ipitavyo. Lakini muhula ni haki kwa yule aliyeweza kusoma gazeti la serikali na kujua kwamba ameachwa. Askari wa Tanganyika aliyerudi shambani kwake mwaka 1946, asiyejua Kiingereza, alikuwa na njia gani ya kujua yaliyoandikwa juu yake London? Tena kanuni hii imekwisha kutenguliwa na wenyewe: mwaka 2013 Uingereza ilitoa nyota mpya, Arctic Star, kwa mabaharia waliosindikiza misafara ya baharini ya kaskazini katika Vita vya Pili, baada ya miaka karibu 70, na ilifanya vyema. Keya, kwa upande wake, ilikuwa na nishani yake ya mwenendo bora vitani iliyotengwa na ile ya askari wa Kiingereza hadi mwaka 1942. Waafrika waliongoza platuni Bama wakiwa na cheo kilichobuniwa ili wasipewe kamisheni ya uafisa. Na kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipigwa hesabu kwa rangi, Mwafrika akipata kama thuluthi ya Mzungu wa cheo kile kile, kama zilivyodhihirisha karatasi zilizochapishwa habari zake mwaka 2019. Makosa haya hayakutoka kwenye kalamu ya karani aliyechoka. Yalikusudiwa, na kwa hiyo yanahitaji masahihisho ya kukusudiwa.

Atauliza mtu: je, mlango ukifunguliwa, hawataingia waongo? Wataingia. Idi Amin alidai kwamba alipigana Burma, ilhali sajili zaonyesha kwamba alijiandikisha Keya mwaka 1946, vita vimekwisha. Akakifunika kifua chake kwa nishani, mojawapo ikiwa ameiunda mwenyewe kwa mfano wa Victoria Cross. Mtu aliyevaa nyota asiyoistahili amemwibia yule aliyelala matopeni Kabaw, na sajili sahihi ndiyo inayomkamata. Basi mwenye kuogopa uwongo angekuwa wa kwanza kutaka madaftari yafunguliwe, yasomwe, yalinganishwe. Sajili iliyofungwa haimzuii mwongo. Humnyima mkweli shahidi wake.

Ninachokiomba kwa serikali za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi, nchi zilizotoa batalioni za Keya, pamoja na Uingereza ambayo jeshi lilikuwa lake, ni baraza moja la pamoja la kusahihisha sajili hizi, lisilotoza ada, linalopokea maombi kwa Kiswahili na Kichewa kama linavyoyapokea kwa Kiingereza, na ambalo sheria yake ya kwanza iwe kwamba penye shaka iliyosababishwa na upotevu wa karatasi za serikali, shaka hiyo imnufaishe askari. Karatasi si kwamba zote zimepotea. Katika miaka ya karibuni hati za Keya zilizodhaniwa kuwa zilikwisha kuharibiwa zimeonekana katika hifadhi ya jeshi la Kenya, zenye majina ya watu ambao familia zao hazikupata kujua walikofia. Na shajara za vita za batalioni zimehifadhiwa Kew, London, zikiwa wazi kwa yeyote awezaye kufika.

Kazi ya baraza hilo yaweza kuanza Colito. Batalioni ilikuwa na kombania chache, na kila kombania ilikuwa na sameja wake. Kwa hiyo jina tunalolitafuta limo katika orodha ya watu wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja au miwili. Hilo si jambo la kubahatisha wala la miujiza. Mtafiti mmoja mwenye subira, akipewa nauli na miezi michache, aweza kuukaribia ukweli kuliko ulivyowahi kukaribiwa tangu 1941.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kasha au kopo lenye cheti cha Keya, usikiuze wala usikiache kwa mchwa: kipige picha pande zote mbili, uandike pembeni majina yote aliyoitwa mwenyewe, la utoto, la dini, la baba, la kijiji na la jumbe wake, kwa kuwa moja kati ya hayo ndilo lililomo daftarini. Na kama babu yako alikuwa sameja wa batalioni ya Sita, akaenda Uhabeshi, na akapata kusimulia juu ya siku ambayo watu wanne waliviendea vifaru kwa miguu, tafadhali mwandikie mhariri wa gazeti hili utuambie jina lake.